Stika Inayong'aa na Tone la Rangi ya Kucha

Mke wangu haamini mtu. Kila kitu chetu hukitia alama, tone la rangi nyekundu ya kucha. Mkasi una tone. Mwavuli una tone. Hata mswaki wangu unalo, utadhani kuna wezi wa miswaki.

Kazi yake ni kuchapa. Kompyuta yake iko sebuleni, karibu na dirisha. Wiki ile alikuwa akichapa mitihani ya shule, na kompyuta ilikuwa inajikokota. Nikamnunulia memori, kile kibao chembamba kinachoisaidia kompyuta kufanya mambo mengi kwa pamoja. Niliipata kwa bei ya kutupa, tena ina stika inayong'aa ya kampuni kubwa. Jirani yetu, mwanamke fundi wa kompyuta, akaja kuifunga.

Tangu siku hiyo kompyuta ikaanza vituko. Inazima katikati ya sentensi. Maswali yote ya hesabu yakapotea.

"Fundi kanibadilishia," mke wangu akasema. "Kachukua nzima, kaniwekea mbovu."

"Jirani yetu? Aliyekuuguza wiki nzima?"

"Kikulacho ki nguoni mwako."

Siku nne hakuitikia salamu ya fundi, rafiki yake. Siku ya tano akasema atawaambia majirani wote. Hapo nikaogopa. Fundi anaishi kwa jina lake. Likichafuka, nani atampa kazi? Nikaenda kumwita.

Alikuja na bisibisi, uso umekunjamana. "Shemeji, mkeo ana nini na mimi?"

"Fungua tu," mke wangu akadakia. "Ninajua ninachotafuta."

Fundi alipochomoa memori, mke wangu aliinyakua na kuipeleka dirishani. Pembeni ya stika palikuwa na tone jekundu. Kumbe aliitia alama kabla ya kumkabidhi fundi!

"Ni ileile," akasema polepole.

Fundi akaelewa. "Shoga yangu, uliniona mwizi?"

Mke wangu alishindwa kumtazama. "Nisamehe. Nimekukosea sana." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe! Uliinunua wapi?"

"Dukani, kwa bei ya kutupa," nikakiri. Nikaleta boksi.

Fundi akalinganisha namba ya boksi na namba ya stika. Hazikufanana. Akainua ukingo wa stika kwa ukucha. Chini yake palikuwa na stika nyingine, nyeupe, isiyo na jina la kampuni.

"Hii haina jina. Imevalishwa nguo ya wenyewe."

"Memori zisizo na jina zote ni mbovu?" nikauliza.

"Hapana, nyingine ni nzuri. Lakini ukidanganywa jina, hujui umeuziwa nini. Stika mtu yeyote anaweza kuichapa. Mkeo mchapaji analijua hilo."

"Mbona hukusema mwanzoni?" mke wangu akauliza.

"Mlinipa bila boksi. Niliiamini stika. Hapo nami nilikosea."

Kisha akatueleza. Nunua kwa wakala anayetambuliwa na kampuni. Linganisha namba za boksi na za memori, kisha iulize kampuni yenyewe, kwa simu au kwenye tovuti yake, kama inaitambua namba hiyo. Dai risiti. Ijaribu memori kwenye kompyuta kabla ya kuanza kazi. Na bei ikiwa nusu ya kwingine, shtuka. Rahisi ni ghali.

Kesho yake tulirudi dukani. Muuzaji alipoziona stika mbili, alirudisha pesa bila ubishi. Tukaenda kwa wakala. Mke wangu alimhoji hadi akatokwa jasho, na namba zikalingana. Fundi aliifunga memori, akaijaribu mchana kutwa. Kompyuta haikuzima hata mara moja, na mitihani ilifika shuleni kwa wakati.

Jioni ile ya majaribio, kabla fundi hajaondoka, alimwona mke wangu akitia tone kwenye boksi jipya. Akamnyooshea kidole.

"Nitie na mimi, nisije nikabadilishwa."

Mke wangu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akamkalisha kitini, akampaka rangi kucha zote kumi.