Uji wa Punje Nyeusi

Mama Kalume wa Matsangoni hajui kutupa kitu. Hata wishwa una kazi kwake. Asubuhi hiyo alikuwa uani na ungo wake, akichagua mawele. Punje njema alizimwaga kwenye gunia. Zile nyeusi, zilizochongoka kama kucha za paka, akazitia kwenye kopo.

Miaka yote punje hizo ndizo pekee alizozitupa. Mwaka huu aliziweka, tena kwa furaha.

Alikuwa na sababu. Pamela, mke wa mwanawe, alipojifungua mara ya kwanza alitokwa na damu nusura afe. Muuguzi Idah alimpiga sindano, damu ikakoma. Baadaye Idah akasema, "Dawa hii, mama, asili yake ni ukungu mweusi wa nafaka." Neno hilo Mama Kalume alilitia kibindoni. Sasa Pamela alikuwa na mimba nyingine, imekwisha kuwa kubwa, na mavyaa wake hakutaka kuiona tena damu ile.

Alizitwanga zile punje, akapika uji, akautia sukari nyingi.

"Kunywa, mwanangu. Huu utakuzuilia damu."

Pamela alikuwa akiupuliza Idah alipopiga hodi. Alikuja kumtazama mja mzito.

"Shikamoo, mama. Mbona uji mweusi hivyo?"

"Marahaba. Si dawa yako ile!" Mama Kalume alijibu kwa fahari, akamwonyesha kopo.

Idah alimpokonya Pamela kikombe. Uji ukamwagika mchangani.

"Umekunywa?"

"Bado. Ulikuwa moto."

"Mungu mkubwa! Mama, ungewaua wawili!"

Mama Kalume akaketi chini pu!

"Lakini si wewe uliyeniambia?"

"Nilikwambia nusu, mama, nawe hukuuliza nusu ya pili." Idah akakunja ngumi. "Sumu ya ukungu huu hukaza mishipa, hubana tumbo la uzazi hivi. Mtoto akiwa bado ndani, hukosa hewa. Akishatoka, kubana huko huko ndiko kunakozuia damu. Dawa ya hospitali asili yake ni ukungu wa jamii hii, uotao kwenye nafaka ya nchi za baridi. Lakini imesafishwa, imepimwa, na mwenye presha hapewi. Kopo lako amelipima nani?"

Mama Kalume akalisukuma kopo mbali naye.

"Hata asiye na mimba, ukungu wa jamii hii unaweza kumtapisha, kumtia kifafa, hata kumwozesha vidole," Idah aliendelea.

"Mulungu wee! Na sukari nilimtilia!" Mama Kalume alilia waziwazi, bila haya.

Siku hiyo hiyo Idah alimwonyesha la kufanya. Waliyamimina mawele kwenye maji ya chumvi kali. Punje nyeusi zilizobaki zikaelea. Wakaziengua, wakazifukia shimoni pamoja na zile za kopo, mbali na kuku. Mawele mazima wakayasuuza kwa maji safi, wakayaanika.

Pamela alijifungulia zahanati. Damu ikaanza tena kumtoka kwa wingi. Mama Kalume, aliyekuwa mlangoni, alimwona Idah akichukua sindano. Mtoto hakumwona.

"Ngoja, Idah!" alipiga kelele. "Mtoto ametoka?"

Kabla Idah hajafungua kinywa, kitoto kikalia.

"Haya," alisema Mama Kalume. "Mpige sindano sasa."