Watu Wawili, Shalumo Moja

Ijumaa, saa sita ya mchana. Karuba.

Sebarenzi aliweka bidoni, kopo kubwa la maziwa, juu ya meza, akaipindua kitako kikawa juu. Chumba cha nyuma cha duka lake kilinuka jibini.

"Siku ya Mungu, saa mbili, wakubwa wote wa mugodi wako ku misa. Apollinaire anapeleka maziwa ku mugodi, Walikale, kama kila siku, anarudi na bidoni tupu. Ufunguo wa bohari ya dhahabu iko naye. Dhahabu tunaweka chini ya bidoni ine, juu yake kitako cha pili, tunaunga. Ku bariera askari wanafungua, wanaona bidoni tupu. Basi."

Apollinaire, dereva wa kamyo, alicheka. "Watanusa tu maziwa ya jana."

Hilaire hakucheka. Kuunga chuma kwa moto ilikuwa kazi yake kule mugodini. Bidoni ni za aluminium, na shalumo ya gesi ya argon, mashine ya kuungia, ilikuwa moja tu, mule atelier, karakana ya mugodi. Papa Polycarpe, mzee aliyekaa karibu na mlango, alikuwa ameishika miaka kumi, mpaka mikono ikaanza kutetemeka wakamfukuza. Kabla ya kuondoka alimfundisha Hilaire miezi mitatu. Kiwiko juu ya meza. Kidole kidogo kiteleze juu ya chuma. Ncha ya sindano ya shalumo isiguse chuma, ibakishe nafasi ya punje ya mtama. Usiangalie moto, angalia kiziwa cha chuma kinachoyeyuka, ukitembeze polepole, nawe pumua kama mtu aliyelala. Chuma hiki hakibadilishi rangi. Ukichelewa kinatoboka bila kukuaga.

Mzee alitoka nje kukohoa. Sebarenzi akasogea.

"Mukono yako iko sawa sasa, bila muzee?"

"Iko sawa, chef."

"Basi muzee wa nini? Kila juma iko ku kitubio, siku moja atatutaja kwa padiri. Tutamubakisha njiani, na risasi moja."

Hilaire aligonga kitako cha bidoni. "Haiwezekani. Aluminium inaomba watu wawili. Moja anashika shalumo, mwingine analisha fito ya aluminium mu moto."

Ilikuwa uongo. Mtu mmoja anatosha, mkono wa kuume na wa kushoto.

Sebarenzi alimtazama sana. Kisha akaita mlangoni: "Papa! Aluminium inaomba watu ngapi?"

Kikohozi kilikatika. Mzee alichungulia, akaona uso wa Hilaire.

"Wawili," alisema.

Jumapili, saa mbili na nusu. Atelier.

Kengele ya misa ilikuwa imelia. Dhahabu ilikuwa chini ya bidoni. Hilaire alishusha kofia yenye kioo cheusi, akabonyeza swichi ya shalumo. Mwanga ulipasuka, mweupe kama radi isiyokwisha.

Sebarenzi alisimama hatua mbili kutoka pale, bastola kiunoni, macho wazi.

Fito ya mzee ilitetemeka, ikagusa sindano. Moto ukatema cheche.

"Muko munanichezea?"

"Hapana, chef." Hilaire alinoa sindano, akaanza tena.

Papa Polycarpe alivua kofia yake, akamnyooshea Sebarenzi. "Chef, ushike ya kwangu. Mwanga huu—"

"Papa, fito!" Hilaire alimkata maneno.

"Wacha kofia yako," alisema Sebarenzi. "Na kioo nyeusi nitaona mikono yenu namna gani?"

Akasogea karibu zaidi.

Hilaire alijua mwanga ule unafanya nini kwa jicho tupu. Haufanyi mara moja. Unangoja masaa sita, saba, kisha unarudi kama mchanga wa moto. Angeweza kusema. Akatembeza kiziwa taratibu zaidi kuliko ilivyohitajika. Mkono wake ulikuwa haujawahi kutulia vile.

Saa nne kasoro robo bidoni ya nne ilikuwa imeungwa.

Saa kumi. Njia ya kushuka Mushaki.

Bariera ya askari walikuwa wametoka kuipita. Tangu saa tisa Sebarenzi alikuwa akijisugua. "Nani amenimwangia muchanga mu macho?"

"Mavumbi, chef," alisema Apollinaire.

"Simamisha. Hilaire, na muzee wako, mushuke, njia yenu inaishia hapa!"

Walishuka, wakasimama mbele ya kamyo. Sebarenzi akashuka akipapasa mlango, bastola mkononi, machozi mpaka kidevuni. Alijaribu kufungua macho, akalia kama ng'ombe.

"Apollinaire! Wako wapi?"

Apollinaire alizunguka kamyo mbio. "Hawa hapa, chef, mbele ya—"

Bastola ilifuata sauti, ikalia. Apollinaire alikaa chini, mikono tumboni.

"Nimepata nani?" aliuliza Sebarenzi.

Hilaire alimvuta mzee shati. Msitu ulikuwa hatua kumi. Lakini Papa Polycarpe alijitoa, akapiga magoti, akakandamiza jeraha la dereva kwa viganja vyake vinavyotetemeka, akaanza Salamu Maria kwa sauti.

Bastola ikageukia sala.

Hilaire hakukimbilia msituni. Aliruka, akashika kifundo cha mkono wa Sebarenzi, akakipinda mpaka bastola ikaanguka. Kule juu, jeep ya askari wa bariera, waliosikia risasi, ilishaanza kushuka.

"Macho yangu," alisema Sebarenzi. "Niambie kweli, niko kipofu?"

"Hapana. Ni mwanga wa shalumo, wa asubuhi. Kesho kutwa utaona."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na muzee?"

"Muzee alitaka kukuambia. Mimi njo nilimukata maneno."

Sala ilinyamaza. Chini ya viganja vya mzee, tumbo la Apollinaire halikupanda tena. Papa Polycarpe aliinua kichwa, akamtazama mwanafunzi wake kama mtu anayetafuta jina alilolisahau.

Jeep ilisimama. Hilaire alinyoosha mikono yote miwili wamfunge, kabla askari hawajamwambia.