Neno Alilombandika Wifi

Kabla cherehani haijaanza kulia, Mshonaji alikuwa ameshatazama simu mara tatu. Alifungua kibanda chake sokoni saa moja asubuhi. Alifuta meza, akatia mafuta kwenye cherehani, akapanga sare za shule zilizosubiri vifungo. Kisha aliegemeza simu kwenye kopo la uzi, aione huku akishona.

Alikuwa akihesabu vidole gumba.

Jana yake, Jumapili, aliandika katika kundi la soko: "Sisi hatuhami!" Alipata vidole gumba vinne vya kumuunga mkono. Kimoja kilikuwa cha mume wake. Muda mfupi baadaye aliandika wifi yake, Msusi, dada wa huyo mume, mwenye kibanda cha kusuka nywele mstari wa pili. Msusi alipata vidole thelathini na vinane.

Jambo lenyewe lilikuwa zito. Halmashauri ilitaka kulihamishia soko ng'ambo ya reli. Uchaguzi wa madiwani ulikuwa umekaribia, na kila chama kilikuwa na lake la kusema. Diwani aliyekuwepo aliunga mkono kuhama. Halmashauri ilitoa siku kumi za kupokea maoni. Wafanyabiashara walete maoni kwa maandishi, mwisho Ijumaa saa tisa alasiri. Baada ya hapo mpango ungepitishwa kama ulivyo. Mshonaji alikuwa ameshona pale miaka kumi na miwili. Akikosa kibanda, cherehani ingerudi nyumbani, na mteja gani angemfuata chumbani?

Msusi aliandika hivi: "Tusikatae tu. Tuulize kwanza. Kutakuwa na kivuko cha reli? Paa litakuwepo? Wenye vibanda leo watapewa kwanza?"

Mume wa Mshonaji alikuwa fundi baiskeli, karibu na lango la soko. Asubuhi hiyo alipita kuchukua chai yake.

"Umemsoma dada?" aliuliza. "Yule ana kichwa! Maneno machache, yote yamo."

"Na mimi je?"

"Wewe pia umeandika, mke wangu."

Ile "pia" ilimchoma kuliko sindano. Nani aliyeanzisha lile kundi? Yeye. Nani aliyezunguka kibanda hadi kibanda kukusanya namba za watu mia na ishirini? Yeye. Leo Msusi ndiye mwenye kichwa, na yeye ni wa "pia". Ndivyo ilivyokuwa tangu siku ya harusi. Mchuzi ulipimwa kwa mchuzi wa Msusi. Hata watoto wakifaulu shule, waliambiwa wamemrithi shangazi.

Akachukua simu. Akaandika: "Huyo anayeleta maswali ni kibaraka wa diwani. Katumwa atulainishe."

Safari hii vidole gumba vilikuja ishirini na viwili. Vilikuwa vitamu kama asali. Muuza ndoo mmoja, aliyepewa jina la Kipaza kwa sababu ya sauti yake, alilidaka neno. "Vibaraka watoke kundini!" aliandika. Waliomuunga mkono Msusi nao hawakunyamaza. "Nyie wapinga maendeleo! Mmezoea tope!" Hadi adhuhuri kundi lilikuwa limegawanyika pande mbili. Kila upande ulikuwa na jina la kuuita mwingine. Kuhusu kivuko cha reli hakuuliza mtu tena.

Jioni mume alirudi nyumbani uso umemshuka.

"Umemwita dada yangu kibaraka mbele ya soko zima," alisema. "Leo wateja wake wawili wameghairi. Wanasema hawasukwi na msaliti. Una ushahidi gani?"

"Mtetee tu. Damu nzito kuliko maji."

"Simtetei. Nakuuliza."

Mshonaji akageuka kupakua chakula.

Jumanne Msusi alituma ujumbe mrefu. Mshonaji aliona jina tu. Hakusoma. Aliandika chini yake: "Kibaraka katumwa tena!" Watu thelathini walicheka kwa picha za nyuso zinazotoa machozi. Waliousoma ujumbe wenyewe hadi mwisho walikuwa wachache mno.

Jumatano alasiri akaja Karani. Mama huyu alikuwa karani wa mahakama kwa miaka mingi. Baada ya kustaafu alifungua duka la vitabu na madaftari, na kamati ya soko ikamfanya katibu. Alikuwa na rundo la karatasi na kalamu nyekundu.

"Jirani, nipe nafasi mezani," alisema. "Wewe ndiye mama wa kundi. Nimechapa maongezi yote. Keshokutwa napeleka maoni yetu halmashauri. Nisaidie kuyatafuta, maana mimi siyaoni."

"Huyaoni vipi? Watu wameandika usiku na mchana!"

"Ndiyo. Jumbe mia mbili na kumi na nne. Tuzipange."

Walizipitia moja moja. Kila ujumbe uliokuwa na tusi au jina la kubandika, Karani aliupiga mstari. Ilikuwa mia moja na ishirini na tisa. Picha za vicheko na vidole zilikuwa hamsini na nane. Salamu na "nani kanipigia?" zilikuwa kumi na nane.

"Zimebaki tisa," alisema Karani. "Soko la watu mia na ishirini, maoni tisa."

"Zangu ziko ngapi?"

"Umeandika jumbe arobaini na moja."

"Katika hizo tisa, nauliza."

"Hakuna. Tano ni za wifi yako."

Mshonaji akakata uzi kwa meno, ingawa mkasi ulikuwa mkononi. "Bila shaka! Mwenye kichwa!"

Karani alimtazama, kisha akaweka kidole kwenye karatasi. "Neno kibaraka limeandikwa hapa mara sabini. Maana yake nini?"

"Mtu aliyetumwa na mkubwa."

"Nani kamtuma Msusi?"

"Diwani. Kila mtu anasema."

"Nani alisema wa kwanza?"

Mshonaji akatazama karatasi ya kwanza. Jumatatu, saa mbili na dakika kumi. Jina lililokuwa pale lilikuwa lake.

"Ulimwona Msusi na diwani?"

"Hapana."

"Mahakamani," alisema Karani, "shahidi akisema 'huyu ni mwizi', hakimu humuuliza: ulimwona akifanya nini, lini, wapi? Kesi haiamuliwi kwa jina aliloitwa mtu. Huamuliwa kwa kilichotendeka."

"Na kama kweli katumwa, Karani? Tunyamaze?"

"La. Ukiwa na ushahidi, useme. Taja siku, taja mahali, taja alichopewa. Huko ni kushitaki, naye apate kujibu. Lakini kibaraka, mpinga maendeleo, msaliti, hayo mtu atayajibu vipi? Ni kama gundi. Ukimbandika mtu, wengine hawasikii tena anachosema. Na hata aliyetumwa, akikwambia nyumba yako inaungua, utatazama moto au utauliza nani kamtuma?"

Karani akamsogezea karatasi moja. "Soma huu wa jana. Usitazame jina."

Mshonaji alisoma polepole.

"Nimekwenda halmashauri. Mchoro wa soko jipya umebandikwa ukutani, kila mtu anaweza kuuona. Nimehesabu vibanda themanini. Ni vya mboga, matunda, nafaka, vyombo na nguo. Cha fundi hakuna hata kimoja. Washonaji, fundi baiskeli, fundi viatu na sisi wasusi hatumo. Wifi yangu yuko hapa miaka kumi na miwili. Cherehani yake ataipeleka wapi? Tuandike kabla ya Ijumaa."

Akausoma tena. Kibanda chake kilikuwa kinaondoka, na cha mume wake pia. Aliyemwonya ni yule yule. Yeye akamjibu kwa neno lake la Jumatatu.

"Na hili nalo kaliona yeye," alisema kwa uchungu. "Kwa nini sikwenda mimi?"

"Ulikuwa unahesabu vidole," alisema Karani.

Mshonaji alifunika cherehani, akaenda mstari wa pili. Msusi alikuwa na mteja mmoja tu, anamsuka.

"Karibu wifi," alisema Msusi bila kuinua macho. "Kibaraka yupo kazini. Diwani hajafika bado, ungemkuta."

Mteja akaguna chini ya kitana.

"Nimekuja kusema nilikosea," alisema Mshonaji. "Sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuonea wivu."

"Wivu wa nini? Nina nini mimi?"

"Vidole gumba thelathini na vinane."

Msusi aliacha kusuka. Kicheko kilimtoka, kisha kikakatika. "Wifi, nimepoteza wateja sita kwa neno lako. Na unakuja kuniomba radhi pembeni? Ulinitukanaje, pembeni?"

"Mbele ya watu wote."

"Basi njia unaijua."

Mshonaji alikaa kwenye benchi la wateja, akatoa simu. Aliandika, akafuta, akaandika tena.

"Nilimwita wifi yangu kibaraka. Nilisema bila ushahidi, na si kweli. Naliondoa neno hilo. Tafadhali someni ujumbe wake wa jana hadi mwisho. Mafundi hatumo katika soko jipya."

Kipaza alijibu papo hapo: "Hata wewe wamekununua?"

Jibu lilikuwa tayari, la moto, lenye jina zuri la kumfaa muuza ndoo. Msusi alichungulia simu juu ya bega lake. Mshonaji akaandika: "Taja kosa lililomo katika ujumbe wake. Nitakujibu."

Dakika tano zikapita. Kisha Kipaza akauliza: "Vyombo wametenga vibanda vingapi?"

"Kumi," alijibu Msusi kwa simu yake, mkono mmoja ungali nyweleni.

"Sisi wa vyombo tuko kumi na saba!" aliandika Kipaza.

Hapo kundi likageuka. Karani aliweka sharti moja: jadili jambo, usimpachike mtu jina, ukimshitaki mtu, lete ushahidi. Wachache walisahau, wakakumbushwa. Bado walibishana. Wengine walitaka kuhama, wengine hawakutaka kabisa. Lakini sasa kila mmoja alileta sababu. Alhamisi jioni Karani alikuwa na maoni sitini na moja. Ijumaa saa nane na nusu aliyafikisha halmashauri, akagongewa muhuri.

Mwezi uliofuata mchoro ulibadilishwa. Mwishowe soko lilihamishwa, kwa hiyo Mshonaji hakupata yote aliyoyataka. Lakini kivuko cha reli kilijengwa, wa vyombo waliongezewa vibanda, na mafundi wakapewa mstari wao, vibanda kumi na vinne. Wateja wa Msusi walirudi, ingawa wawili hawakuonekana tena. Neno likishatoka halirudi lote.

Kusema kweli, wivu nao haukumtoka Mshonaji wote. Wiki ya tatu katika soko jipya, Msusi aliandika kwamba lango lifungwe saa mbili usiku, ili wateja wanaotoka kazini wawahi. Alipata vidole arobaini na kimoja. Mshonaji alivihesabu, na moyo ukamchoma palepale pa zamani.

Akaandika: "Wifi, sikubaliani nawe. Mstari wa mafundi hauna taa, na kivukoni hakuna taa. Tukitoka saa mbili tutavuka reli gizani na watoto migongoni. Tufunge saa kumi na mbili jioni hadi taa ziwekwe."

Akaiweka simu chini, akashona upindo mzima bila kuitazama. Ilipolia, aliichukua taratibu.

"Hapo umenishinda, wifi," aliandika Msusi. "Iwe saa kumi na mbili. Na barua ya kudai taa uiandike wewe."