Mishono Myeusi ya Jumamosi

Soko la Kejetia mjini Kumasi lilikuwa limefurika siku Boadi alipommwagia Pokuaa mchuzi wa karanga kwenye gauni jeupe.

"Samahani dada! Nitakununulia lingine."

"Hili nimelishona mwenyewe. Utaninunulia na mikono yangu?"

"Kama inauzwa, taja bei."

Pokuaa alitaka kukasirika, akacheka.

Wakapendana. Boadi alikuwa fundi wa mitambo kwenye mgodi wa Obuasi. Kila Jumamosi alikuja Kumasi, mikunjo ya pasi imesimama kwenye shati kama wembe, na saa tisa alasiri akarudi kwa basi, akimtania Pokuaa mlangoni. Miezi ikapita, akasema, "Kipenzi, wajomba zangu watakuja kwenu kubisha hodi na chupa zao za posa."

Tangu siku hiyo Pokuaa akashikwa na hofu. Akishona, mshono unapinda, na sababu haijui. Akaamua ajichunguze. Kila jioni kabla ya kufunika cherehani alitia mshono mmoja kwenye kitambaa chenye majina ya siku: mweupe kama siku ilikuwa tulivu, mwekundu kama alikasirika, mweusi kama aliogopa.

Wiki ya saba akakikunjua. Jumamosi zote nyeusi. Akawaza: Kumbe namwogopa mwanamume huyu, na nataka kuolewa naye!

Jumamosi ya wiki hiyo alimwacha Boadi kitini akaenda kuchota maji, na Boadi akakiona kitambaa. Pokuaa aliporudi, kiti kilikuwa kitupu. Simu ikalia.

"Pokuaa, mbona unaniwekea matanga na mimi ni mzima?"

"Matanga gani tena?"

"Nyekundu na nyeusi, rangi za msiba! Na nyeusi imeangukia siku zangu tu. Wajomba nimewaambia wasije."

"Boadi, ngoja nikueleze..."

Simu ilikwisha katwa, na kila alipopiga haikupokelewa.

Jumamosi iliyofuata Boadi hakuja. Pokuaa akakaa akijitazama kama mtu anayelinda maziwa jikoni. Asubuhi, mikono imetulia. Adhuhuri, imetulia. Saa tisa, utingo akaita ng'ambo ya barabara, "Obuasi! Obuasi!" Sindano ikamponyoka, jasho likamtoka.

Baba yake alipanda basi la Obuasi Pokuaa akiwa na miaka saba. Mgodi ulimfukia, hata maiti haikupatikana.

Akapiga simu tena, na tena. Mara ya tano ikapokelewa.

"Sikuogopi wewe, mjinga wangu. Naogopa saa tisa, ukipanda lile basi lililompeleka baba yangu mgodini asirudi."

Boadi akasema taratibu, "Mimi naliogopa lile shimo kila Jumatatu. Sijamwambia mtu."

"Na ule utani wako mlangoni mwa basi?"

"Ulitaka nilie mbele ya utingo?"

"Waambie wajomba waje, mpenzi."

Wakaja Alhamisi pamoja na Boadi, wamejifunga vitambaa vizito begani. Mjomba wa Pokuaa akamwita ukumbini. Kwa desturi, binti huulizwa mara tatu.

"Pokuaa, tuzipokee chupa hizi?"

"Zipokeeni, mjomba."

"Tuzipokee?"

"Zipokeeni."

"Nauliza mara ya mwisho. Tuzipokee?"

Pokuaa akajichungulia ndani. Hofu ilikuwa palepale chini ya kifua, haijasogea hata kidogo.

"Mjomba, naogopa."

Shangazi wakashika midomo. Boadi akainamisha kichwa.

"Lakini heri niogope naye kuliko niogope peke yangu. Zipokeeni."