Feni Iliyonyamazishwa

Mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Wote humwita Sauti, kwa sababu kazi yake ni matangazo. Ana pikapu ya zamani yenye spika kubwa juu ya paa. Siku ya chanjo, Sauti hupita akiwaita akina mama walete watoto. Maji yakikatwa, ni yeye anayetoa habari. Mbuzi akipotea, mwenye mbuzi humkimbilia yeye. Sauti yake ni nzito na nzuri. Mwenyewe anajua hivyo, tena anajua kupita kiasi.

Gari hajazoea kuliendesha mwenyewe. Zamani alishika maikrofoni tu, na usukani ulishikwa na shemeji yake, mdogo wa mke wake. Shemeji alikuwa kijana mpole asiye na maneno mengi. Kila jioni aliipangusa ile pikapu kama anayemwogesha mtoto. Leseni yake aliiweka kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko wa shati. Udereva ndio ulikuwa kazi yake, na ndio uliokuwa heshima yake.

Tatizo lilianza na mlio. Mbele ya injini, nyuma ya rejeta inayopoza maji ya injini, kulikuwa na feni ya umeme. Injini ikipata joto, feni ilijiwasha yenyewe. Na kila ilipojiwasha, spika zilinguruma: vuuuuu!

Siku moja mama mmoja alimsimamisha Sauti njiani. "Baba, chanjo ni lini? Sikusikia tarehe. Nimesikia vuuuu tu."

Maneno hayo yalimchoma Sauti. Kesho yake asubuhi, kabla shemeji hajafika, alifungua boneti. Alifuata waya wa feni kwa kidole mpaka akaikuta soketi yake, chini kabisa, mahali ambapo jicho halifiki kwa urahisi. Akaichomoa.

Mke wake, Mama Pacha, alikuwa barazani kwenye cherehani yake. "Unachomoa nini humo?" aliuliza.

"Kelele."

"Umemuuliza mdogo wangu?"

"Mama Pacha, feni ni ya safari za mbali. Sisi tunatembea polepole. Gari linalotambaa linapata joto gani?"

Mama Pacha hakuridhika, lakini alirudi kwenye mshono wake. Sauti naye hakumwambia shemeji. Aliona ni jambo dogo mno.

Tangu siku hiyo spika zilitulia. Sauti alitangaza kwa raha zake. Lakini shemeji alianza kuwa na wasiwasi.

"Shemeji, geji ya joto inapanda," alisema. "Tukiwa barabara kuu inashuka. Tukiingia mitaani inapanda tena. Na siku hizi siisikii feni."

"Feni ya nini?" Sauti alicheka. "Tunatambaa kama kobe. Umewahi kuona kobe mwenye feni?"

Shemeji alicheka kidogo, kwa heshima tu. "Basi tumwonyeshe Fundi aitazame."

"Kesho," alisema Sauti. Siku iliyofuata alisema kesho tena. Shemeji akawa anangoja gari lipoe kila jioni, anaongeza maji kwenye rejeta, na kutikisa kichwa.

Siku ya soko walipita na tangazo la mkutano wa wazazi. Jua lilikuwa kali na watu walikuwa wengi. Pikapu ilikwenda hatua kwa hatua. Mara mvuke ukaanza kutoka pembeni mwa boneti.

"Shemeji, tuzime," alisema dereva. "Geji iko kwenye nyekundu."

"Tumalize soko kwanza. Watu wanasikiliza."

"Shemeji, tafadhali."

"Nimesema twende!"

Walikwenda. Hawakufika mbali. Injini ilitoa mlio wa kugonga, ikatetemeka, ikazimika. Mvuke ukafunika kioo chote cha mbele.

Hapo ndipo Sauti alipofanya kosa kubwa kuliko la soketi. Hasira zilimpanda na akili ikamruka. Alisahau kwamba maikrofoni iko mkononi, na kwamba haijazimwa.

"Umeniulia gari!" alifoka, na spika zikafoka pamoja naye. "Hujui kuendesha! Wewe si dereva! Shuka, nenda kaendeshe punda!"

Soko zima lilisikia. Kisha mmoja akacheka, na wengine wakafuata. Shemeji aliuacha ufunguo juu ya kiti, akafungua mlango, akaenda zake katikati ya kile kicheko. Hakugeuka nyuma.

Pikapu ilivutwa kwa kamba mpaka uani kwa Fundi. Fundi alikuwa jirani yao, mama wa makamo mwenye ovaroli iliyopauka na mdomo usio na breki. Alifungua injini, akaonyesha.

"Tazama jirani. Hedi, huu mfuniko wa juu ya injini, imepinda, na gasketi inayoziba chini yake imeungua. Joto hilo. Sasa tutafute joto limetoka wapi, maana nikitengeneza injini bila kujua chanzo, utarudi hapa kabla sijanawa mikono. Gari lilikuwa linachemka wapi? Barabara kuu au mitaani?"

"Mitaani. Barabara kuu halikuwa na neno."

"Basi umeshanijibu nusu. Mtu wa kwanza ninayemshuku ni feni."

"Lakini mitaani tunakwenda polepole," alisema Sauti.

"Ndiyo hasa! Wewe ukimiminiwa chai ya moto unafanyaje?"

"Naipulizia."

"Maji ya kwenye rejeta ni hiyo chai. Gari likienda mbio, upepo wa njiani unaipulizia. Likitambaa au likisimama, upepo haupo. Nani atapuliza? Ni feni. Kama gari lingechemka kwenye mwendo mkali, ningeangalia kwanza maji, au rejeta iliyoziba. Lakini hili lako linachemka likitambaa tu."

Sauti aligeuza macho pembeni.

Fundi alihakikisha ufunguo uko nje ya swichi, kisha akachomoa waya wa betri. "Feni za namna hii zinaweza kujiwasha hata injini ikiwa imezimwa," alieleza. "Usitie vidole humo ovyo." Akazungusha pangaboi la feni kwa mkono. Lilizunguka bila kukwama. Akatoa fyuzi ya feni na kuiinua kwenye mwanga. Ilikuwa nzima. Kisha akainama, akapitisha mkono kwenye waya, akasimamisha mkono ghafla.

"Nani amechomoa hii?"

Mama Pacha alikuwa amekuja na kikapu cha chakula. Alimtazama mume wake. Alitazama soketi iliyokuwa inaning'inia.

Fundi alichukua waya mbili na kuipa feni umeme kutoka kwenye betri moja kwa moja. Feni ikazunguka kwa nguvu. Vuuuuu.

"Feni yako haina ugonjwa wowote, jirani. Imenyimwa umeme tu. Kwani dereva hakukuambia?"

"Aliniambia," alijibu Sauti. Ile sauti yake nzito ilikuwa imekwisha. "Aliniambia haisikii. Nikamwambia habari za kobe."

Fundi aliondoa waya kwenye betri, feni ikasimama.

Mama Pacha aliweka kikapu chini. "Unajua mdogo wangu yuko wapi sasa?"

"Sijui."

"Anabeba magunia ghalani, kule sokoni. Alikwenda kuomba udereva kila mahali. Kila anapokwenda wanamwuliza, si wewe uliyeua gari la Sauti? Leseni bado iko mfukoni. Hakuna anayeomba kuiona."

Sauti alikaa juu ya tairi kuukuu. Alijuta kweli. Injini ilikuwa mikononi mwa Fundi na ingepona. Jina la mtu hakujua linatengenezwa kwa spana gani.

"Nitakwenda kwake jioni," alisema hatimaye. "Nitamwomba radhi nyumbani kwake, taratibu."

"Ulimtukana kwa spika," alisema Mama Pacha, "halafu unataka kumwomba radhi kwa kunong'ona?"

Fundi alinyoosha hedi na kuweka gasketi mpya. Alirudisha soketi ya feni. Kisha akaonyesha kwa nini spika zilikuwa zinanguruma. Aliyezifunga alikuwa ameunga waya wa spika kwenye waya wa feni. Fundi akazipa waya wake peke yake kutoka kwenye betri, wenye fyuzi yake.

"Vuuu itapungua, lakini haitakwisha kabisa," alionya. "Uivumilie. Ukiwa na wasiwasi, acha gari lisimame likinguruma, tazama geji. Feni iwake kabla mshale haujafika kwenye nyekundu. Isipowaka, zima gari, umwite fundi. Na mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa ya moto. Maji yale yatakurukia usoni."

Siku ya soko iliyofuata, Sauti aliendesha mwenyewe mpaka mbele ya ghala. Mama Pacha alikaa pembeni yake. Watu walisogea kusikia kama kuna chanjo au mbuzi. Sauti alishika maikrofoni.

"Ndugu zangu, leo tangazo ni langu. Siku ile hapa sokoni nilisema shemeji yangu ameua gari. Nilisema uongo. Ni mimi niliyechomoa waya wa feni. Yeye alinionya, nikamcheka. Aliniomba tuzime gari, nikakataa. Ni dereva mzuri. Mjinga alikuwa mimi. Shemeji, kama unanisikia, nisamehe."

Hakuna aliyecheka.

Shemeji alitokea mlangoni mwa ghala akiwa na gunia begani. Alilitua chini. Alikuja polepole mpaka kwenye pikapu iliyokuwa inanguruma papo hapo. Wakati huo huo feni ikawaka. Shemeji aliinamisha kichwa karibu na boneti, akasikiliza.

"Inazunguka," alisema.

"Inazunguka, shemeji. Rudi basi. Kiti chako kipo."

Shemeji alipangusa vumbi la boneti kwa kiganja, kama zamani. "Nimekusamehe, shemeji. Kweli kabisa. Lakini kiti kile sitakikalia tena. Kila nikikaa nitasikia kile kicheko."

Alimshika dada yake mkono, akarudi kwenye gunia lake.

Mwenye ghala alikuwa amesikia tangazo lote. Siku chache baadaye alimwita shemeji, akaomba kuiona leseni, akampa ufunguo wa lori. Siku hizi shemeji huenda safari za mbali. Akipita huleta zawadi za watoto pacha, hula, hucheka, hulala kidogo kwenye mkeka. Jioni akiondoka, pacha humfuata mjomba wao mpaka njiani. Sauti akimwambia, "Ngoja nikufikishe kwa gari," yeye hujibu, "Usijali shemeji, nitatembea."

Pikapu haijachemka tena. Mama Pacha ndiye dereva sasa. Mdogo wake ndiye aliyemfundisha kuendesha, enzi zile.

Asubuhi moja walikuwa wanatangaza chanjo mitaani, polepole kama kawaida. Feni ikawaka. Vuuu ndogo ikasikika kwenye spika. Sauti akanyamaza katikati ya neno, akazima maikrofoni.

"Mbona umenyamaza?" aliuliza Mama Pacha. "Watu wanakusikia vizuri tu."

"Najua," alisema Sauti. "Nasikiliza feni kwanza. Mdogo wako aliniambia haisikii, mimi sikumsikiliza."

Mama Pacha alipunguza mwendo. Walingoja pamoja mpaka feni ikazimika yenyewe, ndipo Sauti akawasha maikrofoni, akaanza tangazo upya.