Sauti ya Kati

Diski iliibwa mchana kweupe, watu wakiwa wanakula. Saa saba fundi mitambo aliiacha imechomekwa kwenye kompyuta. Saa nane kasorobo alirudi akakuta waya unaning'inia. Ndani ya diski mlikuwa na nyimbo kumi, albamu ya kwanza ya wasichana watatu, kazi ya miezi minane, na kesho yake saa tatu asubuhi ilitakiwa iwe mezani kwa msambazaji.

Inspekta alipanda ghorofa mbili kwa miguu, akimlaani kimoyomoyo aliyejenga jengo lisilo na lifti. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na tano, goti bovu, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Koplo alimfuata na sanduku la vifaa.

Chumba cha kurekodia hakikuwa na dirisha. Sponji nyeusi ukutani, kochi lililochanika mkono mmoja, na meza ya kuchanganyia sauti iliyofunikwa kitambaa cha maua.

"Nakala iko wapi?" Inspekta aliuliza.

"Hakuna, afande," alisema fundi mitambo. Alikuwa kijana mrefu aliyekosa pa kuweka mikono. "Bosi alikataa. Mwaka jana nyimbo za wasanii wengine zilifika mitaani kabla ya kutolewa. Akasema diski moja, basi."

"Umegusa nini?"

"Waya tu. Nilikuta kila kitu kimezimwa."

"Hukuvizima wewe?"

"Mchana hatuzimi. Niliacha vyote vinawaka, hata spika."

Inspekta alivaa miwani. "Mwizi amezima mitambo?"

"Na kuifunika."

"Mwizi mstaarabu huyo," Koplo alicheka. Hakuna aliyemsaidia kucheka.

"Nionyeshe mnavyozima."

Fundi mitambo alipenyeza mkono nyuma ya spika, akapapasa mpaka akaipata swichi. "Spika kwanza. Halafu meza. Kompyuta mwisho. Ukianza na kompyuta, spika zinapiga kishindo cha kutisha, zinaweza hata kuungua. Katibu yuko hapo nje, angeruka kwenye kiti, naye anasema hakusikia kitu."

"Na hakuruka. Nani anaujua utaratibu huu?"

"Mimi na wasichana. Anayetoka mwisho ndiye anazima."

Koplo alinyunyiza unga wake kwenye swichi. Alama za vidole zilikuwa nyingi, zimepandana, hazisomeki. Inspekta hakushangaa. Unga ule ulikuwa umemsaidia mara mbili katika utumishi wake wote, na mara moja kati ya hizo ulimwonyesha alama zake mwenyewe.

Wasichana walikuwa wameketi chumba cha kusubiria, chini ya bango lao kubwa. Studio iliwaita kwa sauti walizoimba, ya juu, ya kati na ya chini. Juu, mwembamba, alikuwa analia. Chini, mnene wa mwili na mpole, alikuwa amemshika bega. Wa tatu alikaa peke yake mwisho wa benchi, mikono ameibana magotini.

Koplo alilitazama bango, kisha akamtazama wa tatu. "Huyu siye wa kwenye picha. Yuko wapi yule wa katikati?"

Kilio cha Juu kilipanda, Koplo akajuta kuuliza.

"Kati amefariki," alisema Chini. "Wiki ya sita sasa. Homa ya siku tatu tu."

"Na wewe?" Inspekta alimgeukia wa tatu, kwa sauti ya chini.

"Nimeshika nafasi yake. Nimeambiwa niimbe upya sehemu zake zote. Nimemaliza juzi." Msichana alilitazama bango. "Sikuomba mimi, afande. Nilipigiwa simu."

Mchana, wote watatu walikula meza moja na Bosi na fundi mitambo, mgahawa wa ng'ambo ya barabara. Mhudumu aliwakumbuka vizuri kwa sababu Juu hakugusa chakula chake.

Bosi, mwanamume wa shati lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe, alijieleza bila kuulizwa. "Jukwaani atasimama mwingine, kwenye albamu isikike sauti ya marehemu? Watatucheka. Yule mtoto nilimpenda, afande, msinione sina moyo."

Inspekta alimwacha hapo na maneno yake. Alikwenda kwa katibu.

"Saa ile ya chakula, nani aliingia?"

"Hakuna, afande."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Kitabu cha wageni hiki hapa."

Ukurasa ulikuwa mtupu. Lakini pembeni ya kitabu palikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko gauni la vimetameta. Inspekta alilitoa. Mishono ya ubavuni ilikuwa mipya.

"Hili limeletwa saa ngapi?"

"Saa saba na nusu hivi. Mama kaleta."

"Si umesema hakuna aliyeingia?"

"Mama si mgeni, jamani! Mama yake Kati. Ndiye anawashonea wote. Miezi minane alikuwa anakaa kwenye lile kochi, anashona vifungo mpaka wamalize. Mara nyingi yeye ndiye alikuwa anatoka mwi—"

Katibu alijiziba mdomo.

Inspekta alikuwa bado ameshika gauni. "Limepunguzwa kiunoni. Lilikuwa la nani?"

"La marehemu. Huyu mpya ni mwembamba."

"Mkampa mama yake alipunguze?"

Katibu aliangalia kalamu zake. Inspekta alilikunja gauni taratibu, akalirudisha mfukoni, na safari hii alishuka ngazi bila kulaani mtu. Moyo ulikuwa mzito kuliko goti.

Mama alikuwa akiishi vyumba viwili nyuma ya safu ya maduka. Cherehani ilikuwa dirishani. Diski ilikuwa juu yake, imelazwa kwenye kipande cha flana kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Karibuni," alisema. "Nilijua mtakuja."

"Mama, una haki ya kukaa kimya. Utakalosema litaandikwa."

"Nimekaa kimya wiki sita, mwenzangu. Andika."

"Uliichukua wewe?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Mama aliipapasa flana. "Waliniletea gauni lake, wakasema punguza kiunoni. Nikapunguza. Nikajiambia nguo ni nguo. Jana nimekwenda kumpima yule mtoto, nikamsikia Bosi anamwambia fundi, zile sauti za zamani futa, zinajaza nafasi. Nikarudi nyumbani sikulala."

Koplo aliacha kuandika.

"Picha ninazo, kabati zima. Lakini picha haisemi. Siku hizi nikiamka najaribu kukumbuka alivyokuwa ananiita, na kuna asubuhi sipati. Nakaa kitandani naitafuta sauti ya mwanangu mwenyewe. Nikasema nitamtoa mle kabla hawajamfuta. Nitafute mtu aninakilie, kisha niwarudishie chao."

"Umeisikiliza?"

"Kwa mashine gani? Nimeishika tu."

"Na mitambo, ulizima ya nini?"

Kwa mara ya kwanza Mama alitabasamu kidogo. "Mtu akitoka mwisho anazima. Ndivyo tulivyofundishwa."

Kielelezo cha wizi lazima kithibitishwe na mwenye mali. Saa kumi na moja jioni walikuwa wote studio. Fundi mitambo alichomeka diski, akahesabu nyimbo kumi, salama. Bosi alishusha pumzi.

"Sasa fungua sauti za marehemu," alisema Inspekta.

Fundi mitambo hakuinua macho. "Afande..."

"Fungua, mwanangu."

"Nilizifuta jana jioni. Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu."

Inspekta alikuwa amezoea kuona watu wakipigwa na habari. Wengine huanguka, wengine hupiga kelele. Mama alirudi nyuma hatua mbili, akakaa kwenye kochi, upande ule uliochanika.

"Zote?" aliuliza.

"Zote, Mama. Nisamehe."

Alikuwa ameiba diski ambamo mwanawe hakuwemo. Inspekta alitamani kutoka nje, lakini kazi yake ilikuwa kubaki.

Ni Chini aliyesema. "Wimbo wa saba. Kile kibanda cha kuimbia kiliharibika, tukaimba wote watatu chumba kimoja. Kati alisimama kushoto kwangu, lazima maikrofoni yangu ilimnasa." Alimshika fundi mitambo mkono. "Fungua maikrofoni yangu. Yangu peke yake, tangu mwanzo, kabla ya wimbo."

Fundi mitambo alizizima njia za sauti nyingine zote, akapandisha sauti. Kwanza msukosuko wa viatu. Chini akikohoa. Kisha, mbali, kama mtu anayeongea nyumba ya pili, msichana akicheka.

"Moja, mbili... Aa, Mama'ngu! Usinichekeshe bwana, unaniharibia! Haya. Moja, mbili, tatu, nne."

Halafu Chini akaanza kuimba, na sauti ya mbali ikazama.

Juu alikuwa ameuficha uso begani kwa yule msichana mpya.

"Mama'ngu," alisema Mama kwa kunong'ona. "Ndivyo alivyokuwa ananiita."

"Hiyo usiifute," alisema Bosi kutoka mlangoni. Alikuwa amechelewa, lakini alisema. "Na mimi sina kesi na huyu mama."

"Jalada limeshafunguliwa," alisema Inspekta. "Maelezo lazima yaandikwe kituoni. Hayo mengine utamwambia mwendesha mashtaka." Aliitazama saa yake, akaifunika kwa mkono wa shati. "Rudisha tena, kijana."

Waliisikiliza mara nne. Ya nne ilipokwisha, Mama aliinuka. Alipenyeza mkono nyuma ya spika, akazima. Akazima meza. Alipofika kwenye kompyuta kidole kilisita kidogo, kisha nayo akaizima, akakifunika kila kitu kwa kile kitambaa cha maua na kukinyoosha pembe.

"Twende, mwenzangu," alimwambia Inspekta.