Nyuki wa Elihu Hawakuambiwa

Msiniulize kama naamini mambo ya giza. Mimi ni mwanamke wa kanisani, naimba sauti ya pili, na paka mweusi akinikatiza njia namfukuza kwa ufagio. Lakini haya yalimpata jirani yangu Verna Sizemore, hapa hapa bondeni kwetu, na gari niliendesha mimi. Kwa hiyo atakayesema nimetunga, aje anitazame machoni.

Ilianza asubuhi ya mwezi wa kumi na moja, asubuhi ya kawaida kabisa. Nilikuwa naosha vyombo. Verna akaingia na mkate wa mahindi umefunikwa kitambaa, nami nikajua ana shida, maana Verna hapiki bure.

“Nipeleke mjini, Mavis.”

“Kufanya nini?”

“Kumtafuta babu Elihu.”

“We mwanamke! Si alikufa mama yako hajaota hata meno?”

“Ndiyo. Sasa nataka karatasi inayosema hivyo.”

Sikucheka sana, kwa sababu hali yake niliijua. Mafuriko ya kiangazi yalikuwa yamebeba nusu ya nyumba yao, nyumba alimozaliwa na alimomuuguza mama yake mpaka mwisho. Tangu hapo alikuwa akilala kwenye trela bovu, kijumba cha magurudumu, akipuliza vidole. Watu wa msaada wa mafuriko walikuwa tayari kumjengea, ila walitaka ardhi iwe na jina lake. Na ardhi ilikuwa bado na jina la Elihu. Hakuna aliyewahi kushuka mjini kusema kwamba mzee amekufa, na bila ushahidi wa kifo chake hakuna urithi, hakuna nyumba. Mwezi ukiisha, orodha inafungwa. Na theluji haimsubiri mtu.

Karani wa kaunti, Wanda Noble, tunamjua tangu akiwa mtoto mwenye kamasi. Alitafuta kila mahali: kwenye mashine, kwenye vitabu vya zamani, kwa kila namna jina linavyoweza kuandikwa. Akarudi anapangusa vumbi.

“Huyu bwana hajafa,” akasema.

“Ana zaidi ya miaka mia na thelathini!” nikamwambia.

“Basi kwa kaunti hii yu hai. Mshukuruni Mungu, huku kwetu hata waliokufa hupiga kura.”

Tulicheka wote watatu. Natamani tusingecheka.

Wanda akatueleza kwamba jambo hilo si geni. Wengi walikufa milimani wakazikwa na watu wao, na habari haikushuka. Lakini kuna njia: aletwe mtu aliyemwona Elihu maiti, aape mbele ya karani. Jina lake litaandikwa kama mtoa taarifa, na yatakuwa yamekwisha.

Mtu kama huyo duniani alibaki mmoja. Mama mkubwa wa Verna, bibi Ottie, binti wa Elihu mwenyewe. Ana miaka tisini na tano na ulimi mkali kuliko wangu.

Tulimkuta jikoni kwake anatunga maharage mabichi kwenye uzi ili ayaanike. Verna akamweleza shida yake vizuri, kwa adabu. Sindano ikasimama.

“Nani amewatuma kulichokoa hilo?”

“Hakuna, mama mkubwa. Ni nyumba tu.”

“Kaa kwenye trela.”

“Nitakufa kwa baridi!”

Ottie akautazama mlango wa nyuma. Akainuka, akaufunga kwa komeo, akarudi kukaa. Alipoanza kusema alinong’ona, na Ottie hajawahi kunong’ona maishani mwake.

Sisi watu wa huku, mtu akifa nyumbani, lazima nyuki waambiwe. Unachukua ufunguo wa mlango, unaenda kugonga kila mzinga, unasema: fulani amekufa, kaeni nasi. Wasipoambiwa huondoka, au humwandama mwingine wa nyumba hiyo. Elihu alikuwa mfuga nyuki, mizinga yake ya magogo iko mpaka leo ng’ambo ya kijito, na nyuki wamo. Alikufa kwenye theluji. Mkewe alimshonea shati la kuzikiwa kwa mkono wake, uzi mweupe ukaisha, akamalizia na wa buluu. Kisha akampa Ottie ufunguo, nenda kawaambie nyuki. Ottie alikuwa na miaka tisa.

“Nilivuka,” akanong’ona. “Nikafika mizingani. Baba alikuwa amesimama pale.”

Verna akanishika mkono.

“Na shati lile. Lenye uzi wa buluu. Akaweka kidole mdomoni, hivi. Akasema, ‘Usiwaambie, Ottie. Usimwambie mtu.’ Nilirudi nikamdanganya mama kwamba nimewaambia. Nikamkuta baba kitandani kama tulivyomwacha. Tukamzika.”

“Ulikuwa mtoto, bibi,” nikasema. “Ni woga tu.”

“Eti woga! Mama alitaka kwenda mjini kumwandikisha. Kila siku aliyojiandaa kwenda, alikuta viatu vyake vimejaa nyuki waliokufa. Mwisho akaacha. Akawa anamwekea baba sahani mezani, mpaka naye akafa. Na baba hakuonekana tena.”

Verna alikuwa analia, si kwa woga, kwa uchovu. Ottie akamtazama muda mrefu yule mtoto wa mdogo wake, na vidole vyake vilivyopasuka kwa baridi.

“Haya,” akasema. “Mimi nimekula chumvi ya kutosha. Atanifanya nini? Lakini nikishamaliza kuapa, siku hiyo hiyo, kabla jua halijazama, uende ukawaambie nyuki. Usimtangaze nusu, Verna. Aliyetangazwa nusu hana pa kukaa.”

Kesho yake tukampeleka. Ilikuwa mchana, taa zote zinawaka, mtu mmoja anagombana na mashine ya kahawa ukumbini. Mahali pasipo na kitisho chochote. Ottie akasimama mbele ya meza ya Wanda, akainua mkono.

“Ulikuwepo Elihu alipokufa?”

“Nilikuwepo.”

Nyuki akatua mezani.

Huo ni mwezi wa kumi na moja, nakuambia. Nje barafu. Nyuki mmoja, anatembea polepole. Wanda akampeperusha kwa mkono. Akaja mwingine. Sikujua wanatokea wapi. Ottie hakuwatazama. Alikuwa anatazama mlangoni, nyuma yetu. Uso wake ukawa wa mtoto.

“Uliuona mwili wake?” Wanda akauliza.

Ottie alizidi kutazama mlangoni.

“Bibi Ottie? Uliuona?”

“Namwona,” akasema Ottie.

Niligeuka. Mlango ulikuwa wazi. Hapakuwa na mtu. Nikashika ukingo wa meza, na mimi si mwoga, aulizwe yeyote.

“Amekufa,” Ottie akasema kwa sauti. “Elihu amekufa. Andika.”

Wanda akaandika. Nyuki wale wakaanguka chali.

Tulimrudisha Ottie kwake, kisha tukakimbilia bondeni na ufunguo. Mvua ikatukuta njiani. Mvua gani ile! Kijito kilikuwa kimefurika, na daraja lilikwenda na mafuriko ya kiangazi. Verna akaingia majini mpaka magotini, nikamvuta kwa koti.

“Utakufa, mjinga wewe!”

“Amesema leo!”

“Kesho alfajiri. Nyuki hawaendi popote kwenye baridi hii.”

Jua likazama.

Alfajiri maji yalikuwa hayajashuka. Tulisubiri. Verna alimpigia Ottie simu wakati wa kifungua kinywa, wakaongea, Ottie akamtukana kidogo, nasi tukatulia. Adhuhuri ilipita ndipo maji yakapungua, tukajiandaa kuvuka. Simu ikalia. Alikuwa jirani wa Ottie. Alimkuta kwenye kiti chake, sindano mkononi, maharage magotini. Ametutoka. Mwili bado una joto.

Tulisahau nyuki. Mtu akifiwa anasahau hata jina lake.

Siku iliyofuata nilimsindikiza Verna kwa Wanda, kuandikisha kifo. Wanda alipotuona akasimama. Hakutupa pole. Akafunga mlango.

“Mmetuma mtu jana?” akauliza kwa sauti ya chini.

“Mtu gani?”

“Mzee. Ndiyo kwanza nafungua ofisi. Akasema amekuja kutoa taarifa ya kifo cha Ottie. Alijua yote, jina la mama yake, kitanda alichozaliwa. Nikamuuliza saa aliyokufa. Akasema adhuhuri.”

“Lakini asubuhi alikuwa hai!” Verna akasema. “Niliongea naye!”

“Nilimwambia, babu, adhuhuri haijafika.” Wanda akauangalia mlango. “Akasema, ‘Itafika.’ Nikamuuliza, wewe ni nani wake? Akasema yeye ni baba yake. Nikajua ni mzee aliyechanganyikiwa, sikuandika kitu.”

“Alivaa nini?” nikauliza. Sikutaka kuuliza.

“Shati tu. Kwenye baridi ile. Jeupe, na mshono wa buluu.”

Verna akaketi sakafuni.

“Kuna jambo jingine,” Wanda akasema. “Aliuliza tarehe yako ya kuzaliwa, Verna, kama tunavyouliza sisi tukiandika kifo. Nikasema siijui. Akasema si neno, atakuja kukuuliza nyumbani.”

Tulivuka kijito siku hiyo hiyo. Verna akagonga mzinga wa kwanza kwa ufunguo. Elihu amekufa. Ottie amekufa. Kaeni nasi. Hakuna mvumo. Akagonga wa pili. Nikainama nikachungulia. Mtupu. Yote ilikuwa mitupu, na ndani ni safi, imefagiwa. Verna akaendelea kugonga na kusema, kugonga na kusema, mpaka nikamwondoa.

Karatasi ilitoka. Ardhi ikapata jina la Verna. Vijana wa msaada wakaja na mbao, na kabla ya Krismasi alikuwa na nyumba, na sasa ana jiko linalowaka na madirisha yasiyopitisha upepo. Tulimshangilia. Lakini alitukataza kutaja siku yake ya kuzaliwa. Aliitoa hata kwenye kalenda ya kanisa. Na kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu, anavikung’uta.

Hakuja mtu. Majira yakapita. Nikaanza kumtania tena.

Siku yake ya kuzaliwa ilipofika mwaka huu nilikwenda kumtazama, mikono mitupu, kama alivyotaka. Alikuwa jikoni, katulia mno. Mezani palikuwa na kipande cha sega la asali kwenye kitambaa cheupe.

“Nimekikuta mlango wa nyuma,” akasema. “Asali ina joto.”

Nikakigeuza kile kitambaa. Kilikuwa mkono wa shati. Mshono wake wa buluu.

“Verna, twende kwangu. Sasa hivi. Acha kila kitu.”

“Niende wapi, shoga? Hii ndiyo nyumba yangu. Niliitafuta mwenyewe.”

Nikaona ameandaa chakula, sahani mbili. Nikafikiri moja ni yangu. Nikavuta kiti nikakaa, ili nimbembeleze vizuri.

“Usikae hapo, Mavis,” akaninong’oneza. “Pana mtu.”

Niliinuka. Sijui nilifikaje kwenye gari. Nyumbani nikavua sketi ili nifue, na nyuma yake, pale nilipokalia, ilikuwa imeganda asali.